MIMI NI NANI KAZINI? SOMO LA KUJITAMBULISHA KWA MJASIRIAMALI WA ELIMU

 

Mwaka huu mlezi wa chama chetu cha Kiswahili alitugawia mada za kuandikia gazeti, nami nikaangukiwa na hii: namna mtu anavyojitambulisha kikazi. Wenzangu walinicheka. "Hiyo ni rahisi kama kunywa maji! Si unasema jina, unasema kazi, unakaa chini?" Hata mimi nilifikiri hivyo. Lakini kuna utambulisho mmoja niliouandika kwa mkono wangu mwenyewe, tena kwa Kiswahili cha kutia fora, ambao nusura umkoseshe shangazi yangu mkopo. Kwa hivyo somo hili sikulipata vitabuni tu. Nililipia kwa aibu, nami nakupa bure.

Maana ya maneno

Tuanze na neno lenyewe. Mjasiriamali ni neno lililoundwa kwa maneno mawili: jasiri na mali. Ni mtu anayethubutu kutia mali yake katika kazi asiyoijua kama itamrudishia. Wingi wake ni wajasiriamali na kazi yake ni ujasiriamali. Liandike kama neno moja. "Mjasiria mali" ni makosa, japo ubao mmoja hapa mjini umeandikwa hivyo kwa rangi nyekundu.

Mjasiriamali wa elimu basi ni yule anayetia mali, muda na akili yake katika shule, chuo, vitabu, vifaa vya kufundishia au hata programu za kusomea kwenye simu, akitarajia kazi hiyo ijilipie gharama na kumwachia riziki. Mifano tunayo hapa Kenya. Mwaka 1974 Eddah Gachukia na mumewe Daniel Gachukia walianzisha shule za Riara jijini Nairobi. Mwaka 1996 Simon Gicharu alianzisha chuo kidogo cha mafunzo mjini Thika. Chuo hicho kilikua hadi kikawa Chuo Kikuu cha Mount Kenya, kilichopewa hati ya chuo kikuu mwaka 2011.

Lakini si kila aliyejenga shule ni mjasiriamali. Katika miaka ya 1960 na 1970 wananchi wa nchi hii walijenga shule nyingi za harambee. Huyu alileta mawe, yule kuku wa kunadiwa, mwingine nguvu za mikono yake. Hakuna aliyeweza kusimama akasema, "Shule hii ni yangu." Kwa hivyo tuyatenganishe maneno haya ambayo watu huyachanganya:

Mwanzilishi ni aliyeanzisha, hata kama sasa hayupo.
Mmiliki ni mwenye mali.
Msimamizi ni anayeendesha shughuli za kila siku.
Mfadhili ni anayetoa pesa bila kutarajia faida.
Mwalimu ni anayefundisha, na kwa sheria zetu awe amesajiliwa.

Mtu mmoja anaweza kuwa wawili au watatu kati ya hawa. Lakini akisimama mbele ya watu lazima ajue yeye ni yupi kati yao, na si yupi.

Neno jingine linalotutatiza ni utangulizi. Wengi wetu husema, "Sasa nitafanya utangulizi wangu." La. Utangulizi ni wa kitabu au insha. Mtu hufanya utambulisho, yaani hujitambulisha.

Jinsi nilivyomwandikia shangazi

Shangazi yangu, ambaye nyumbani twamwita Anti, ana kituo cha chekechea mtaani kwetu hapa Nakuru. Sisi wanafunzi wa kutwa hupita kila mahali jioni, nami hupita kwake kumchorea picha za kubandika ukutani: A ya andazi, B ya bata. Zamani aliuza nguo za mitumba sokoni. Akina mama wenzake walikuwa wakiwafunga watoto mgongoni kutwa nzima, na waliokwisha kutembea wakizurura katikati ya mikokoteni. Basi miaka sita iliyopita akaondoa viti sebuleni, akatandika mkeka, akaanza na watoto tisa. Leo ana madarasa mawili ya mabati na walimu wawili aliowaajiri. Yeye mwenyewe hafundishi. Hata hivyo mtaa mzima humwita Mwalimu, naye huitika.

Mwaka jana aliomba mkopo wa shilingi 180,000 kwa ushirika wa akiba na mikopo ajenge vyoo na kutia sakafu saruji. Akaambiwa aje mbele ya kamati, ajitambulishe na kuieleza kazi yake kwa dakika tatu. Jioni hiyo alinishika mkono.

"Wewe si ndiye wa Kiswahili? Niandikie kitu kizuri, mwanangu. Nisiaibike mbele ya wale wazee."

Nilikesha. Nilifungua daftari langu la msamiati nikayamwaga yote. Niliyoyaandika ni haya, na nayanukuu bila kuficha:

"Mabibi na mabwana, itifaki ikiwa imezingatiwa, kwanza kabisa ningependa kuchukua fursa hii adimu na adhimu kuwashukuru. Kwa majina naitwa Fulani binti Fulani, mwalimu mahiri mwenye tajriba pevu ya miaka na mikaka, na mkurugenzi mkuu wa taasisi ya kimataifa inayowapa mamia ya watoto elimu bora isiyo na kifani."

Nilimsomea, akafurahi, akaikariri. Siku ya siku ikafika. Aliporudi jioni alitusimulia yaliyompata. Alipomaliza kusema, mzee mmoja wa kamati alivua miwani akauliza, "Hongera, Mwalimu. Nambari yako ya TSC ni ipi?" Anti akanyamaza. Mwingine akauliza, "Mamia ni mamia mangapi?" Akajibu kwa sauti ndogo kwamba watoto ni arobaini na wawili. Mtu akacheka huko nyuma. Mwenyekiti akasema kwa upole, "Mama, rudi mkutano ujao utueleze vizuri wewe ni nani."

Anti hakunigombeza. Aliiweka ile karatasi mezani akasema, "Mwanangu, umeniandikia mtu mwingine. Nilisimama pale nikawa namtetea mtu nisiyemjua."

Msomaji, nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Makosa yalikuwa wapi?

Tuliketi, mimi na yeye, tukaipitia ile karatasi neno kwa neno. Fuatana nasi, kwa maana makosa haya tunayafanya hata katika insha zetu za karatasi ya kwanza.

Kosa la kwanza: neno mwalimu. Katika lugha yetu neno hili lina uzito. Julius Nyerere alifundisha Tabora na Pugu, akaacha kufundisha mwaka 1955 kwa ajili ya siasa. Lakini hadi alipofariki mwaka 1999, na hata leo, watu humwita Mwalimu. Kwetu Kenya neno hili lina uzito mwingine pia, wa kisheria. Sheria ya Tume ya Huduma za Walimu ya mwaka 2012 inasema kwamba mtu asifanye kazi ya ualimu kama hajasajiliwa na Tume. Majirani wakikuita Mwalimu ni heshima yao kwako. Ukijiita mwenyewe mbele ya kamati, unatoa dai, na dai huulizwa ushahidi.

Kosa la pili: mamia, miaka na mikaka, isiyo na kifani. Haya ni maneno ya ngano. Katika utambulisho wa kikazi hesabu ndiyo pambo. Watoto 42 ni wengi kabisa kwa mwanamke aliyeanza na mkeka mmoja. Lakini nilipowaita mamia, wale 42 waligeuka wakawa wachache. Mimi ndiye niliyewapunguza.

Kosa la tatu: kimataifa. Anti aliniuliza, "Hii uliitoa wapi?" Nikamjibu kwamba kuna mtoto mmoja ambaye babake ni Mganda. Alicheka mpaka akafuta machozi, nami nikapata nafuu kidogo.

Kosa la nne: kuzungukazunguka. "Ningependa kuchukua fursa hii" ni maneno ya kuazima ambayo hayasemi kitu. Kama ungependa kushukuru, shukuru. "Kwa majina naitwa" nayo tumeizoea redioni, lakini chagua moja: "Jina langu ni..." au "Naitwa..." Katika dakika tatu, salamu na shukrani zangu zilikula karibu dakika nzima.

Kosa la tano ndilo lililonishangaza, maana halikuwa neno nililoliandika bali nililoliacha. Pale ukutani kwa Anti pana cheti cha usajili. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inamtaka anayeanzisha shule ya binafsi aombe usajili kwa Bodi ya Elimu ya Kaunti. Anti alihangaika na karatasi hizo muda mrefu: barua, ukaguzi wa afya, ramani ya kiwanja. Nami hucheza chini ya cheti hicho kila jioni. Niliacha cha kweli nikaandika cha kubuni.

Je, tuseme ni biashara?

Hapa ndipo tulipobishana. Nilimwambia ajiite mjasiriamali wa elimu. Akakataa. "Wee! Nikisema pale kwamba nafanya biashara ya watoto, si watanipiga mawe?"

Tazama msomaji, sarufi inavyoweza kumtia mtu hatiani. "Biashara ya watoto" maana yake watoto ndio wanaouzwa! Neno dogo tu, ya, na mtu yuko mahakamani. Anachofanya Anti ni biashara ya elimu, au biashara ya malezi na mafunzo. Anayelipwa analipwa kwa huduma.

Lakini nilielewa hofu yake. Watu wetu humheshimu mwalimu na humtilia shaka mchuuzi. Husemwa elimu si nyanya ya kupangwa mafungu. Ndiyo sababu Anti alilikubali jina la Mwalimu miaka yote hiyo: lilimfunika. Nikamuuliza, "Anti, wazazi hulipa karo?" Akasema ndiyo, kila mwezi. "Na walimu huwalipa kwa nini?" Kwa hiyo karo. "Na unga wa uji?" Karo hiyo hiyo. "Sasa ni nani asiyejua kwamba ni biashara?" Akanyamaza, kisha akasema, "Kumbe siri hii naificha kutoka kwa wanaonilipa."

Basi tukakubaliana. Kusema ni biashara si aibu. Aibu ni kuificha, kwa sababu wakopeshaji wakiona unaficha mapato watauliza unaficha nini kingine. Tena anayetaka kukukopesha pesa anataka kujua zitarudi kwa njia gani. Wema wako ataupenda, ila hataweza kuuandika kwenye daftari la hesabu.

Hatua sita za kujitambulisha

Kutokana na mazungumzo yale nimezipanga hatua hizi. Zinamfaa mwenye chekechea, mwenye chuo cha ushonaji, hata mwenye duka la vitabu.

1. Salimu kwa ufupi, ukianza na mwenyekiti.
2. Taja jina, kisha cheo chako halisi: mwanzilishi, mmiliki au msimamizi.
3. Eleza kazi ilianza lini, wapi na kwa haja gani. Haja ndiyo roho ya utambulisho. Ndiyo inayomfanya msikilizaji ainue kichwa.
4. Toa hesabu za sasa: watoto wangapi, walimu wangapi, madarasa mangapi.
5. Sema lile ambalo wewe si, na anayelifanya ni nani. Kisha onyesha cheti.
6. Taja unachoomba au unachotoa, na uwaalike waje wajionee.

Utambulisho wa pili, tuliouandika kwa pamoja, ulikuwa huu:

"Bwana Mwenyekiti na wanakamati, hamjambo. Jina langu ni Fulani binti Fulani. Mimi ni mwanzilishi na msimamizi wa kituo cha chekechea mtaani kwetu. Nilikianzisha miaka 6 iliyopita sebuleni kwangu, kikiwa na watoto 9, kwa sababu akina mama niliouza nao sokoni hawakuwa na mahali pa kuwaacha watoto. Leo kina watoto 42. Mimi si mwalimu. Wanaofundisha ni walimu 2 niliowaajiri, wote wamesajiliwa na TSC. Kazi yangu ni kukusanya karo, kulipa mishahara, kununua unga wa uji, na kuhakikisha kila mtoto ameingia na kutoka salama. Kituo kimesajiliwa na cheti ninacho hapa. Hii ni biashara yangu na ndiyo inayonilisha. Naomba mkopo wa shilingi 180,000 nijenge vyoo 2 na kutia saruji sakafu ya madarasa 2. Anayetaka kukiona kituo aje asubuhi yoyote ya shule."

Hesabu maneno yanayosifu. Hakuna hata moja. Hata neno mjasiriamali halimo! Anti alisema, "Wacha waone wenyewe kwamba nilithubutu." Wahenga hawakukosea waliponena kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Angalia pia tarakimu. Nimeziandika kwa nambari, lakini mdomoni lazima zifuate ngeli. Moja, mbili, tatu, nne, tano na nane hubadilika. Sita, saba, tisa na kumi hazibadiliki. Kwa hivyo utasoma watoto tisa, miaka sita, walimu wawili, vyoo viwili, madarasa mawili, na watoto arobaini na wawili. Ukisema "watoto arobaini na mbili" mbele ya mzee aliyesoma Kiswahili, atakuwa amekupunguzia alama kabla hujafika kwenye mkopo.

Sajili hubadilika, ukweli haubadiliki

Katika isimu jamii tunafunzwa kwamba lugha hubadilika kulingana na mahali, mada na wanaozungumza. Hiyo ndiyo sajili. Kwa afisa wa elimu wa kaunti, Anti ataanza na cheti na walimu, kwa kuwa tangu Katiba ya mwaka 2010 elimu ya chekechea ni jukumu la serikali za kaunti, na hilo ndilo atakaloulizwa. Kwa mzazi mgeni ataanza na usalama na uji, tena kwa lugha ya nyumbani: "Karibu, Mama Fulani. Mimi ndiye mwenye mahali hapa. Mwalimu wa mtoto wako ni yule pale." Kwa watoto wenyewe anasema tu, "Mimi ni Anti," na inatosha.

Mpangilio unabadilika, lakini hesabu ni ile ile. Kama unamwambia afisa watoto 42 na mzazi watoto 100, hiyo si sajili tena. Huo ni uongo.

Kamati ilisemaje?

Anti alirudi mkutano uliofuata. Safari hii nilimsindikiza nikabaki nje kwenye benchi, tumbo likinguruma kwa wasiwasi. Mlango ulikuwa wazi, nikasikia yote. Alipomaliza palikuwa na kimya. Kisha yule mzee wa miwani akauliza swali. Nikafumba macho.

"Mama, huo uji unawapa saa ngapi?"

"Saa nne, mzee. Na wa mbali nawawekea kikombe cha kuondokea."

Hawakumpa pesa zote. Walimpa shilingi 100,000 kwanza za vyoo, wakasema za sakafu zitafuata akilipa vizuri. Vyoo vimekwisha, sakafu bado ni vumbi nikiandika haya, lakini hajakosa kulipa hata mwezi mmoja.

Ndugu msomaji, somo langu ni fupi kuliko makala yangu. Ahadi ni deni, na cheo unachojipa mdomoni ni deni pia. Usijitwike jina ambalo ukiulizwa swali moja tu litakudondoka. Sema kazi unayoifanya, kwa ajili ya nani, na kwa hesabu gani. Mengine waachie wasikilizaji.

Zoezi

1. Tofautisha mwanzilishi, mmiliki, msimamizi na mfadhili wa shule.
2. Soma kwa sauti: watoto 31, vitabu 8, madawati 24, walimu 5, mwaka 1.
3. Sahihisha: "Kwa majina naitwa Fulani na ningependa kufanya utangulizi wangu kama mjasiria mali."
4. Mtafute mtu mtaani kwenu anayeendesha chekechea, chuo cha kompyuta au duka la vitabu. Mwandikie utambulisho wa dakika tatu. Kisha, kabla hajausoma mbele ya watu, msomee umuulize: "Je, huyu ni wewe?"

Swali hilo la mwisho mimi sikuliuliza. Wewe liulize.

Kalamu naiweka chini. Wakatabahu.